Barabara tulivu za mashambani kando ya Girona: mwongozo kwa mwendesha baiskeli

Girona ni mji wa kale wa Katalunya, kaskazini mashariki mwa Hispania, mahali mto Onyar unapoingia mto Ter. Warumi waliujenga kando ya Via Augusta, barabara yao kuu, na hadi leo unaweza kutembea juu ya kuta zake za zamani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 waendesha baiskeli wa kulipwa wamekuwa wakihamia huko, kwanza Wamarekani, kisha watu wa kila taifa. Kilichowavuta ni barabara: lami nzuri inayopita mashambani, magari machache, vilima kuanzia kwenye viunga vya mji, bahari ndani ya saa mbili za kukanyaga pedali, na majira ya baridi yasiyotesa sana.

Hata hivyo wageni wengi hufika pale na kumaliza siku nzima wakipulizwa na malori, kwa sababu waliifuata njia fupi iliyopendekezwa na simu. Utulivu wa mashamba ya Girona upo kweli, ila unapangwa kabla hujapanda baiskeli: kwa kuchagua aina ya barabara, saa, siku, na upande wa kuanzia. Ndiyo maana nusu ya kwanza ya mwongozo huu ni maandalizi. Usiiruke.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi, siku na saa

Miezi mizuri ni Aprili hadi katikati ya Juni, kisha Septemba na Oktoba. Mwezi Mei ngano bado ni kijani na maua mekundu ya mipopi yamejaa kando ya mashamba, lakini jihadhari: mwezi huohuo Girona ina tamasha kubwa la maua, Temps de Flors, na vyumba huwa vimejaa na bei zimepanda. Mwishoni mwa Oktoba kuna sikukuu ya mtakatifu wa mji, Sant Narcís, ambayo nayo hujaza watu. Julai na Agosti jua ni kali, na barabara zote zinazoelekea ufukweni huwa na foleni. Januari na Februari asubuhi ina baridi kali na ukungu bondeni, ingawa mchana jua likitoka unaweza kuendesha vizuri ukiwa umevaa vya kutosha.

Kwa siku, Jumanne hadi Alhamisi ndizo bora. Ijumaa jioni watu wa Barcelona hukimbilia pwani, na Jumapili jioni hurudi wote kwa pamoja.

Kwa sisi tuliokulia karibu na ikweta, urefu wa mchana unahitaji kufikiriwa upya. Mwishoni mwa Juni jua la Girona huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Mwezi Desemba huzama saa kumi na moja na robo jioni. Anayetoka saa saba mchana wa Desemba kwa safari ya kilomita 70 atarudi gizani, na barabara za kijijini hazina taa. Weka taa ya mbele na ya nyuma kwenye baiskeli hata kama hukusudii kuchelewa.

Hatua ya pili: fika, na upate baiskeli

Uwanja wa ndege wa Girona-Costa Brava uko kilomita 12 hivi kusini mwa mji. Wengi hupitia Barcelona, ambako treni ya kasi hufika Girona kwa dakika arobaini tu. Lakini treni ya kasi haipokei baiskeli isiyofungwa kwenye begi au sanduku lake. Ukiwa na baiskeli mkononi panda treni za kawaida za mkoa. Huchukua zaidi ya saa moja, nazo huruhusu baiskeli kama nafasi ipo. Anayetoka Afrika Mashariki kwa viza ya Schengen tayari atakuwa na bima ya afya, maana ni sharti la viza. Soma masharti yake uone kama kuendesha baiskeli kumo.

Ushauri wangu kwa anayekwenda kwa wiki moja ni kukodi. Girona ina maduka mengi ya baiskeli, mengine makubwa, kwa sababu ya hao waendeshaji wa kulipwa. Weka oda mapema, hasa kama ni mfupi sana au mrefu sana, kwa kuwa saizi za pembeni ndizo huisha kwanza. Utaulizwa urefu wako, pasipoti, na kadi ya benki kwa ajili ya dhamana. Kama una viatu vya kunasa kwenye pedali, nenda na pedali zako mwenyewe. Fundi atazifunga kwa dakika mbili.

Omba tairi za upana wa milimita 28 au zaidi. Njia utakazopita zina lami nzuri, lakini kipande cha mwisho cha mzunguko nitakaoueleza ni udongo ulioshindiliwa, na tairi nyembamba za milimita 23 zitakutikisa bure. Omba pia gia nyepesi za kupandia. Kisha, kabla hujaondoka dukani, kagua kwamba umepewa tyubu ya akiba, vyuma vya kutolea tairi na pampu, na kwamba valvu ya hiyo tyubu ni ndefu ya kutosha kwa ringi za baiskeli hiyo. Pancha ikitokea katikati ya msitu, tyubu yenye valvu fupi haikusaidii kitu.

Hatua ya tatu: zoea breki na upande wa kulia

Hispania huendesha upande wa kulia. Msomaji wa Bujumbura, Kigali, Goma au Muscat hana la kujifunza hapa. Lakini wewe uliyezoea Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa au Kampala, tenga nusu saa ya siku ya kwanza kwa jambo hili tu.

Anza na breki. Kwenye baiskeli nyingi za mtindo wa Uingereza, mkono wa kulia hushika breki ya mbele. Za Hispania kwa kawaida ni kinyume: mkono wa kushoto ndio breki ya mbele. Mtu akishtuka kwenye mteremko na kukaba kwa nguvu mkono aliozoea kwamba ni wa nyuma, gurudumu la mbele linaweza kujifunga naye akarushwa juu ya hendeli. Mwulize fundi ipi ni ipi, kisha nenda mahali pasipo na magari, jaribu kila breki peke yake kwa mwendo mdogo, mara nyingi, hadi mikono izoee. Fundi anaweza pia kukubadilishia ukimwomba.

Kuhusu upande, usifikiri hatari iko kwenye barabara yenye magari mengi. Pale magari yenyewe yanakuongoza. Hatari iko kwenye barabara tupu: umepumzika kijijini, umekunywa kahawa, unapanda baiskeli, hakuna gari lolote la kukukumbusha, na miguu inakupeleka kushoto bila wewe kujua. Jiwekee desturi ya kusema kwa sauti "kulia" kila unapoanza tena na kila unapokata kona ya kushoto. Kwenye kipilefti, au raundabauti kama wanavyosema Kenya, magari huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, nawe unaangalia kwanza kushoto kwako, ndiko yanakotokea. Na unapovuka barabara, kushoto kwanza.

Hatua ya nne: jifunze kusoma namba za barabara

Hili ndilo linalotenganisha siku tulivu na siku ya kelele, na ni jepesi kuliko watu wanavyodhani.

Kila barabara ina herufi na namba. AP-7 ni barabara kuu ya kasi, na baiskeli hairuhusiwi. N-II ndiyo barabara ya zamani ya kutoka Madrid kupitia Barcelona hadi mpaka wa Ufaransa. Malori mengi hupita hapo, iache. Zenye herufi C, kama C-65 ya kwenda pwani na C-66 ya kwenda Banyoles upande mmoja na La Bisbal upande wa pili, ni barabara kubwa za Katalunya. Zinaonekana zimenyooka na fupi kwenye ramani, na ndizo simu hupenda kukupeleka. Zivuke ukilazimika, usizifuate.

Zenye herufi GI ni za wilaya, na hapo lazima uchague. Nyingine ni tulivu kabisa, nyingine zina magari ya kazini asubuhi na jioni. Halafu kuna GIV, zenye namba ya tarakimu nne. Hizi huunganisha kijiji na kijiji. Magari yanayopita humo ni ya wenyeji: trekta, gari la mkate, mwalimu anayekwenda shuleni. Ukichora njia yako kwa kuunga GIV na GIV, ukaziba mapengo kwa GI chache, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kuna alama nyingine ya kuangalia kwenye picha za setilaiti: mstari wa katikati. Barabara ambayo haina mstari mweupe katikati ni nyembamba, magari yake ni machache na dereva hulazimika kupunguza mwendo. Ukiona mstari wa katikati na mabega mapana ya lami pembeni, ujue magari huenda kasi hapo.

Fanya hivi jioni, mezani. Chora njia kwenye programu ya ramani, kisha ipitie kwa jicho kipande kwa kipande na kuuliza: hii ni herufi gani? Ina lami? Programu nyingi haziwezi kutofautisha vizuri kati ya barabara ya lami na njia ya trekta, na utajikuta kwenye mawe ukiwa na baiskeli ya resi. Ukishamaliza, pakua ramani ili ifanye kazi bila intaneti, maana msituni mawimbi ya simu hukatika.

Hatua ya tano: uliza upepo

Upepo wa kaskazini wa eneo hili huitwa Tramuntana. Hutoka upande wa milima ya Pirenei na kupiga uwanda wa Empordà, mashariki mwa Girona, wakati mwingine siku kadhaa mfululizo. Ukivuma kwa nguvu, usiende uwandani. Nimewahi kuwaona watu wenye misuli ya haja wakishuka na kusukuma baiskeli kwenye barabara tambarare kabisa. Siku kama hizo kaa kwenye misitu ya vilima vya Gavarres, ambako miti hukukinga, au nenda magharibi kwenye mabonde. Wakati wa kiangazi huja upepo mwingine mchana, Garbí, kutoka kusini magharibi, wenye unyevu na usio mkali sana.

Kanuni ni ileile kwa yote: anza safari ukiukabili upepo wakati bado una nguvu, urudi ukiwa unakusukuma mgongoni.

Hatua ya sita: endesha mzunguko wa kwanza, Gavarres

Wageni wengi siku ya kwanza hukimbilia Rocacorba, mlima mrefu wenye minara ya mawasiliano kileleni, karibu na Banyoles, ambako waendeshaji wa kulipwa hupima nguvu zao. Ni mlima mzuri. Lakini aliyekuja kutafuta mashamba aanze na Gavarres, vilima vya chini kati ya Girona na bahari. Mzunguko huu una takriban kilomita 55, na kupanda kwake kwa jumla hakufiki mita 1,000. Mtu wa kawaida atatumia saa tatu hadi nne za kuendesha, mbali na mapumziko.

Toka mjini asubuhi, saa mbili hivi, kupitia barabara ya GIV-6703 inayopanda kwenda kanisa la Els Àngels. Unapita mitaa ya pembezoni, nyumba zinaisha, na msitu unakupokea. Mpando ni wa wastani, kama kilomita kumi, wenye vipande vichache vikali na vingine vya kukupa pumzi. Weka gia nyepesi mapema na usimfuate anayekupita. Huenda anafanya kazi hiyo kwa mshahara.

Kileleni, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, simama. Siku ya anga safi unaona Pirenei upande mmoja, na mlima Canigó ukiwa na theluji kuanzia majira ya baridi hadi mwanzoni mwa kiangazi, na upande wa pili uwanda wa Empordà hadi baharini. Katika kanisa hili dogo ndipo mchoraji Salvador Dalí na mkewe Gala walipofunga ndoa tarehe 8 Agosti 1958. Vaa koti la upepo kabla ya kushuka, hata kama una jasho. Hasa ukiwa na jasho.

Mteremko wa kwenda Madremanya ni mwembamba na una kona nyingi. Punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani yake. Wakati wa vuli majani ya mialoni hulala barabarani, na kwenye kivuli hubaki na unyevu hadi mchana. Tairi likikanyaga hapo huku umeinamisha baiskeli kwenye kona, utateleza. Kaa kulia kabisa, kwa kuwa trekta inayopanda haikusikii.

Madremanya ni kijiji cha mawe ya rangi ya asali juu ya kilima. Kutoka hapo msitu unafunguka na unaingia kwenye mashamba: ngano na shayiri, alizeti, mahindi, nyumba kubwa za mawe zinazosimama peke yake katikati ya ardhi yao. Hapa ndipo barabara inapokuwa tulivu hivi kwamba unasikia cheni yako mwenyewe. Ukisikia inakwaruza, ipake mafuta jioni.

Baada ya kilomita chache unafika Monells. Shuka ukiingia kijijini, sukuma baiskeli hadi kwenye uwanja wa kati uliozungukwa na matao ya mawe. Katika zama za kati palikuwa na soko mashuhuri, na kipimo cha nafaka cha Monells kilitumika hadi nje ya kijiji, katika eneo la Girona. Hapa ndipo pa kula kifungua kinywa. Nimepanga mzunguko uanze na mpando mkubwa kwa sababu hii: unafika mezani ukiwa na njaa ya halali, sehemu ngumu zaidi ikiwa nyuma yako, na jua bado halijapanda sana.

Ukitoka Monells elekea Sant Sadurní de l'Heura, kisha fuata GI-664 inayopanda Santa Pellaia na kushuka Cassà de la Selva. Mpando huu ni mpole kuliko wa kwanza. Angalia miti kando yako. Ni mialoni ya koki, ambayo gome lake ndilo hutengenezwa vizibo vya chupa, na kazi hiyo imelisha vijiji hivi kwa vizazi vingi. Gome huvunwa wakati wa kiangazi kwa shoka, kwa mkono, bila kuukata mti. Shina lililovuliwa karibuni lina rangi nyekundu ya kahawia kuanzia chini hadi kimo cha mtu, na juu ya hapo gome la kijivu, nene, lenye mikunjo, linabaki kama lilivyo. Mti huachwa miaka 12 au zaidi kabla ya kuvunwa tena. Ukikuta malori madogo yamepakiwa mbao za magome pembezoni mwa barabara, pita taratibu, wafanyakazi huwa karibu.

Cassà ni mji mdogo, na hapo unaiacha barabara ya magari. Tafuta Via Verda, njia ya baiskeli na waendao kwa miguu iliyojengwa juu ya reli ya zamani. Treni ndogo ya Girona hadi Sant Feliu de Guíxols ilianza kazi mwaka 1892 na kufungwa mwaka 1969. Sasa njia yake ina kama kilomita 39, karibu tambarare yote. Wewe unaifuata kurudi Girona kupitia Llambilles na Quart, kijiji cha wafinyanzi. Ni udongo ulioshindiliwa, kwa hiyo punguza hewa kidogo kama tairi lako ni gumu mno, na usikabe breki ya mbele kwenye changarawe. Pana watoto, mbwa, na wazee wanaotembea. Piga kengele ukiwa mbali, salimia, pita polepole. Kila njia inapokatiza barabara ya magari, simama kabisa.

Hatua ya saba: kula, kunywa, na kujaza chupa

Saa za kula za Hispania zina ukali wake. Jiko la mgahawa hufunguka kuanzia saa saba na nusu mchana hadi saa tisa na nusu hivi, halafu hufungwa hadi usiku. Ukifika saa kumi jioni na njaa yako, utapewa kahawa na labda kipande cha mkate. Baa nyingi za vijijini hupumzika siku moja au mbili kwa wiki, mara nyingi Jumatatu au Jumanne, na Jumapili maduka karibu yote yamefungwa. Kwa hiyo beba chakula cha saa mbili mfukoni siku zote: ndizi, tende, karanga, mkate wenye asali. Tende ni bora kuliko vile vipakiti vya sukari vinavyouzwa ghali dukani, na haziyeyuki.

Kijijini agiza pa amb tomàquet, mkate uliopakwa nyanya, mafuta ya zeituni na chumvi. Kwa anayeendesha baiskeli kwenye joto, chumvi na nyanya hiyo ni dawa. Asiyekula nguruwe awe mwangalifu, kwa kuwa soseji ya hapa, butifarra, ni ya nguruwe, na hata mboga au maharage huweza kupikwa nayo. Sema "sense porc", bila nguruwe, na uthibitishe. Truita de patates, mayai na viazi, kwa kawaida ni salama, lakini uliza. Ukirudi mjini, jipe xuixo, andazi la Girona lenye krimu ndani.

Maji: vijiji vingi vina bomba au chemchemi uwanjani. Soma kibao. "Aigua potable" ni ya kunywa. "No potable" siyo ya kunywa. "No tractada" maana yake hayakutibiwa, mimi siyanywi. Beba chupa mbili, na kuanzia Juni jaza zote kila unapopata nafasi.

Hatua ya nane: fuata sheria, na adabu za mashambani

Kofia ngumu ni lazima nje ya mji. Kwa aliye chini ya miaka 16 ni lazima kila mahali. Simu mkononi na vipokea sauti masikioni vimekatazwa, na viwango vya pombe vinavyomhusu dereva vinakuhusu wewe pia. Usiku, au mahali penye giza kama handaki, taa ni lazima, na nje ya mji pamoja nazo vazi linaloakisi mwanga. Namba ya dharura ni 112.

Sheria inakulinda vilevile. Dereva anayekupita lazima aache nafasi ya angalau mita moja na nusu, na anaruhusiwa kuvuka mstari wa katikati usiokatika ili akuachie nafasi hiyo, kama mbele ni salama. Mnaruhusiwa kuendesha wawili wawili sambamba. Kwenye kona isiyoonekana mbele, jipangeni mmoja mmoja. Na gari likikaa nyuma yenu kwa subira, wapeni nafasi wapite mkifika mahali papana, kisha inueni mkono kushukuru. Wakulima hawa wameishi na makundi ya waendesha baiskeli kwa miaka mingi. Uvumilivu wao usichukuliwe kuwa deni lao kwako.

Salimia kila mtu. "Bon dia" asubuhi, "bona tarda" mchana, "adéu" mkipishana. Mzee aliyekaa mlangoni anatarajia salamu kutoka kwa anayepita, na katika hili sisi hatuhitaji kufundishwa.

Mambo matatu ya msimu. Wakati wa vuli na baridi, wikendi, huwa na uwindaji wa nguruwe mwitu msituni. Ukiona kibao kilichoandikwa "batuda" pembeni ya barabara, usiingie njia za msituni, baki kwenye lami na uvae rangi kali. Kiangazi hatari ni moto: serikali ya Katalunya hutangaza viwango vya hatari chini ya mpango uitwao Pla Alfa, na hatari ikiwa kubwa sana misitu kama Gavarres huweza kufungwa. Angalia tangazo asubuhi. Na kuanzia Agosti, wakati wa kuvuna matufaha, matrekta huwa mengi kwenye uwanda na huacha tope la matairi kwenye lami. Likilowa huwa utelezi mtupu.

Hatua ya tisa: siku zinazofuata

Siku ya pili, kama upepo umetulia, rudi Monells na uendelee mashariki hadi Peratallada, kijiji chenye mtaro wa ulinzi uliochongwa kwenye mwamba, kisha Ullastret, penye mabaki ya mji wa Waiberi waliokuwapo kabla ya Warumi, hadi Pals na mashamba yake ya mpunga. Njia ni tambarare na vijiji vimekaribiana, kwa hiyo unaweza kuikata popote ukichoka.

Siku ya tatu nenda kaskazini hadi ziwa la Banyoles, palipofanyika mashindano ya makasia ya Olimpiki ya 1992. Pita Palol de Revardit na Camós badala ya C-66. Mwenye miguu bado aendelee na GI-524 kupitia Mieres hadi Santa Pau, katika nchi ya volkeno zilizozimika, na kurudi kwa Via Verda ya Olot, nayo ni reli ya zamani, yenye kama kilomita 54 na inayoteremka karibu njia nzima kuelekea Girona.

Bahari niiache mwisho kwa sababu ndiyo inayoharibiwa kirahisi na saa mbaya. Barabara ya GI-682 kati ya Tossa de Mar na Sant Feliu de Guíxols imechongwa kwenye majabali juu ya maji. Wenyeji husema ina kona 365. Saa nne asubuhi ya Jumamosi ni foleni ya magari na pikipiki. Saa moja na nusu asubuhi ya Jumatano ni yako. Lala Tossa usiku uliotangulia, au Llagostera, ambako Via Verda inapita na GI-681 inakushusha hadi Tossa. Iendeshe kutoka Tossa kwenda Sant Feliu ili bahari iwe upande wako wa kulia, bila njia nyingine ya magari kati yako na maji. Sant Feliu utafika kabla mchana haujapamba moto. Jaza chupa zako mbili hapo, kwa sababu Via Verda ya kurudi Girona ina kilomita 39 na hupanda kidogo kidogo hadi Llagostera bila kivuli cha kutosha.